Simbilisi wa watoto na mama mjamzito: niwaondoe?

Habari wakuu. Tupo Mbeya. Watoto wangu wanafuga simbilisi kwenye boksi kando ya jiko. Kijana wa miaka saba ametoka viduara vyekundu mkononi, vinawasha na pembeni vina magamba. Simbilisi mmoja naye ananyonyoka manyoya puani. Mama watoto ana mimba ya miezi minne, na ndiye anayefagia kinyesi. Mama mkwe anataka wote waondoke leo. Nishaurini.

Mfugaji wa Nyanda: Mkuu, hiyo inaonekana ni choa. Simbilisi anaweza kuwa na fangasi hao bila hata unyoya kumtoka. Mtoto apakwe klotrimazoli, ila usipomtibu na mnyama vitarudi tu. Boksi lichome. Vikitokea kichwani hayo ni mapunye, dawa ya kupaka haitoshi, mpeleke zahanati.

Nesi Mstaafu: Choa hakinitishi, ninayemhofia ni shemeji. Kuna kirusi cha LCM, makao yake ni panya wa majumbani, na hamsta au simbilisi huambukizwa na panya hao. Mtu mzima mwenye afya huugua kama mafua akapona, wengine hawajui hata kama wamekipata. Mjamzito anaweza kupoteza mimba, au mtoto akazaliwa na kichwa kikubwa au macho mabovu. Asiguse boksi hilo tena. Je, usiku panya wanaingia humo?

Mleta uzi: Wanaingia, dada. Wanafuata majani na pumba.

Nesi Mstaafu: Basi shida kubwa ni hao. Mkojo wao hubeba pia vimelea vya homa ya mgunda, ile ya Ruangwa, Lindi, mwaka 2022: wagonjwa 20, watatu wakafariki. Banda litoke jikoni, liwe la waya mdogo, na pumba isilale humo.

Mzee wa Moro: Mimi naungana na mama mkwe. Mwaka 2003 Marekani waliingiza panya buku na wanyama wengine kutoka Ghana, wakawaweka pamoja na wanyama wa kwao wa jamii ya kindi waliokuwa wakiuzwa kwa ajili ya kufugwa. Watu 47 wakaugua homa ya nyani, au walidhaniwa kuwa nayo.

Mfugaji wa Nyanda: Mzee wangu, wale walitoka porini. Hawa wamezaliwa bandani. Wapeleke kwa ndugu mpaka mama ajifungue, watoto wawe wanawatembelea.

Mleta uzi: Nakubali, wanahamia kwa shangazi yao. Sakafu ya jiko nisafisheje?

Nesi Mstaafu: Usifagie pakavu, vumbi lile ndilo linalovutwa puani. Vaa glovu, changanya jiki kipimo kimoja na maji tisa, mwagia, subiri dakika tano, kisha futa. Na kliniki shemeji aseme wazi kwamba ameishi na simbilisi na panya. Akipata homa, kichwa kikamuuma au macho yakawa mekundu, asinunue panadol akalala, aende siku hiyohiyo.