Wenye disleksia: kazi uliipataje na unaishikiliaje? Tupeane uzoefu

Herufi_Zinacheza
Wakuu habari zenu, naanza mimi. Nina disleksia, yaani kusoma na kuandika kunanipa shida ingawa akili ninayo, nimejua nikiwa na miaka 29, kabla ya hapo niliitwa mvivu na mwenyewe nikakubali. Kazi nimepata nne, nimepoteza tatu. Kupata siyo shida, mdomo ninao, shida inaanza wiki ya pili ukipewa ripoti ya kurasa kumi eti isome utupe muhtasari saa nane. Nilikuwa nabeba kazi nyumbani nasoma mpaka usiku wa manane ili kesho nionekane kama wenzangu, nachoka, makosa yanazidi, barua ya onyo hiyo hapo. Hii ya nne nimemwambia bosi siku ya tatu tu. Akanyamaza, akauliza, "Sasa tufanyeje?" Wallahi sikuwa na jibu, nikaomba mpaka kesho 😂 Sasa hivi maelekezo ananirekodia sauti, nyaraka ndefu napewa siku moja kabla, kompyuta inanisomea nikiwa na hedifoni. Mwaka wa tatu huu. Nyie je?

Mtu wa Stoo
Mimi ni namba. 69 naiona 96, nikapakia mzigo wa mteja mwingine mara mbili wiki moja. Supavaiza badala ya kunifukuza akabandika stika za rangi kwenye rafu, na kabla gari halijatoka namsomea mwenzangu namba kwa sauti, moja moja. Kichekesho ni kwamba na wale wasio na disleksia makosa yao yalipungua, kumbe walikuwa wanakosea kimya kimya.

DadaMkweli
Mleta mada ulibahatika. Mimi nilisema kwenye intavyuu yenyewe nikaona kabisa yule mama anafunga faili. Siku hizi nasema nikishasaini mkataba. Fomu ya kujaza kwa mkono pale pale naomba niichape, wengi wanakubali wala hawaulizi kwa nini.

Kocha
Hayo si macho tu? Kapimeni miwani.

Herufi_Zinacheza
Kocha, aliyeipa disleksia jina hilo miaka ya 1880, Rudolf Berlin, alikuwa daktari wa macho kweli, na hata yeye alisema tatizo liko kwenye ubongo. Miwani ninayo, herufi naziona vizuri sana, kuziunganisha na sauti zake ndo kazi.

Naajiri
Niko upande wa pili wa meza. DadaMkweli sikulaumu, ila Uingereza kuna Sheria ya Usawa ya 2010 na Marekani kuna ile ya watu wenye ulemavu ya 1990, zote zinamtaka mwajiri akurekebishie mazingira kwa kiasi kinachowezekana, sasa asipojua atarekebisha nini? Hata hivyo na sisi tuna makosa, niliwahi kukuta tangazo letu la dereva linadai "uwezo mkubwa wa kuandika". Dereva! Nikaufuta huo mstari.

mgeni_humu
Jamani nisaidieni, kesho zamu yangu kusoma kumbukumbu za kikao mbele ya watu ishirini, hapo ofisini hajui mtu. Tumbo linauma tangu asubuhi.

Herufi_Zinacheza
Mwombe katibu akutumie leo leo, weka kwenye simu ikusomee hata mara tano. Kesho ukisimama simulia hoja moja moja, usisome neno kwa neno. Ukitoka urudi hapa utuambie.