Utafiti wa jeni za moyo: tuanze sasa au tusubiri?

Wadau, naleta hoja. Mtoto wa baba yangu mkubwa alidondoka uwanjani akicheza mpira, miaka 19. Tulimpakia kwenye bajaji na njumu zake miguuni, soksi moja imeshuka. Tulipofika hospitali alishakata roho. Miaka sita kabla, baba yetu mdogo alifia usingizini. Msibani neno lilikuwa moja tu: ukoo umerogwa. Hakuna aliyewaza kuwapima moyo wadogo zake watatu.

Afrika Kusini, daktari wa moyo Profesa Bongani Mayosi na wenzake walifuatilia ukoo mmoja wenye vifo vya ghafla kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2017 wakatangaza hitilafu waliyoikuta kwenye jeni (kinasaba kinachorithiwa toka kwa wazazi) iitwayo CDH2. Ugonjwa unaoletwa na hitilafu hiyo hugeuza misuli ya moyo kuwa mafuta na makovu, mapigo yakavurugika. Nasema nasi tuanze, kwa maabara zetu. Mnasemaje?

— Pole sana kaka. Ila mimi napinga, niko wodi ya watoto. Wanaletwa wamevimba miguu, hawawezi kulala chali, vali za moyo zimeharibika kwa mafindofindo yaliyopuuzwa. Sindano ya penisilini kila wiki nne huwakinga wasirudiwe, na kuna siku dawa yenyewe hatuna! Pesa ianzie hapo.

— Dada, penisilini siipingi hata kidogo. Lakini kusubiri nako kunaumiza. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba Wamarekani weusi waliwahi kuambiwa wana jeni za ugonjwa wa moyo kunenepa kuta, kumbe ni tofauti za kawaida tu kwa watu weusi. Zilionekana ngeni kwa kuwa waliolinganishwa nao wengi walikuwa wazungu. Damu zetu zisipokuwemo, kipimo kitatudanganya sisi.

— Naunga mkono kwa sharti moja. Mama yangu mkubwa alitolewa damu ya utafiti, akaweka dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza. Majibu hajayaona mpaka leo. Ukoo ukitoa damu, urudishiwe majibu kwa lugha unayoielewa.

— Hilo naliafiki kabisa. Na Dada wa wodini, umenikumbusha: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya moyo hazisubiri utafiti wowote. Mzazi akiwa na hitilafu ya aina hii, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Yule wa kati kati ya wadogo watatu wa marehemu bado anacheza namba tisa, nimemwomba apumzike kwanza. Jumatatu tunaenda kupima wote wanne, nami nikiwemo.