Muuza pipi na siasa za Marekani: hivi vile vikundi vya mrengo mkali wa kulia viliishia wapi?

Kabwe_Juu (Mbeya):
Wakuu habari za jioni. Huku Mbeya mvua haijakata toka saa nane mchana, nimejifunika blanketi nikasema ngoja niwaletee hili jambo maana limenikaa kichwani siku mbili.

Juzi kijiweni kwetu Kabwe tulikuwa tunachambua mambo ya Trump, mara ushuru, mara misaada iliyokatwa 2025, mara kujitoa WHO. Vijana wengi tukawa tunasema huyu bwana kaja na vyake tu, hakuna mtu kule aliyewahi kuongea hivi. Kuna mzee wetu mmoja alikuwa fundi TAZARA, kastaafu zamani, huwa anakunywa kahawa yake kimya hachangii. Siku hiyo akasema "nyie watoto, hayo maneno ni makubwa kuliko baba zenu, kuna muuza pipi mmoja alikuwa anayasema sisi tunajenga reli." Aisee tulicheka! Mwenzetu mmoja akamuuliza, mzee, pipi za ivori au pipi kijiti? Mzee akainuka akaondoka, kikombe hata nusu hajafika. Muuza kahawa naye kuona kelele zimezidi akabeba birika lake, na kuna vikombe vitatu mpaka leo hatujalipa.

Sasa naomba kujua, kuna ukweli hapo au mzee kachanganya mafaili? Alafu kama kweli kulikuwa na vikundi vya pembeni vya namna hiyo na vilikuwa vinashindwa kila uchaguzi, inakuwaje leo watu waseme vina urithi kwenye siasa za kule? Aliyeshindwa si kashindwa jamani.

Mwalimu_Mstaafu_IR:
Kamwene kijana. Kwanza kesho asubuhi nenda kamwombe radhi huyo mzee, maana hajachanganya kitu.

Muuza pipi yupo kweli, anaitwa Robert Welch. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha pipi cha mdogo wake kule Massachusetts, alipoachana na pipi akaingia kwenye kupiga vita ukomunisti. Desemba 1958 akawaita wenzake 11 pale Indianapolis, wengi wao watu wa viwanda na wenye hela, mmoja wao Fred Koch ambaye wanawe baadae wakawa wafadhili wakubwa sana wa siasa za mrengo wa kulia. Wakakaa siku mbili ndani ya nyumba ya mtu wanamsikiliza Welch anaongea. Hapo ndo ikazaliwa John Birch Society. Huyo Birch mwenyewe hakuijua, alikuwa mmisionari na askari wa Marekani aliyeuawa na wakomunisti wa China Agosti 1945, Welch akamfanya marehemu wa kwanza wa vita mpya dhidi ya ukomunisti.

Sasa sikiliza walichokuwa wanaamini. Welch aliandika kwamba Rais Eisenhower ni wakala wa ukomunisti, tena anajua anachofanya. Eisenhower! Jenerali aliyeongoza majeshi yaliyompiga Hitler, na Republican mwenzao, chama hicho hicho cha Trump! Wakaweka mabango barabarani wakitaka Jaji Mkuu Earl Warren aondolewe kwa sababu mahakama yake ilisema mwaka 1954 kwamba watoto weusi na weupe wasitenganishwe shuleni. Mabango mengine yakitaka Marekani itoke UN. Misaada ya nje kwao ilikuwa ni hela ya mlipa kodi inamwagwa kwa maadui. Ukiyasoma leo unaona kama umeshayasikia jana kwenye taarifa ya habari, si ndio?

Kuhusu kushindwa. Mwaka 1964 mgombea urais wa Republican waliyempenda, Barry Goldwater (yeye hakuwa mwanachama wa Birch, ila alikuwa mwangalifu sana asiwaudhi), alipigwa vibaya na Rais Johnson, akaambulia majimbo 6 tu, la kwao Arizona na matano ya kusini kabisa. Magazeti yakasema mrengo huo umezikwa. Kumbe hao vijana waliozunguka nyumba kwa nyumba kumpigia debe hawakwenda kulala. Kuna mmoja anaitwa Richard Viguerie, baada ya uchaguzi alienda Washington kwenye ofisi ya bunge ambako orodha ya waliomchangia Goldwater ilikuwa wazi kwa umma, akakaa pale ananakili majina na anuani kwa mkono. Kwa mkono, kijana! Akachoka, akaajiri wanawake wamsaidie. Orodha hiyo ndo ikawa mtaji wake wa kutuma barua za kuomba michango, miaka ya 70 akamchangishia George Wallace, gavana mbaguzi wa kusini, baadae kina Reagan wakala matunda. Kwaiyo unaposema aliyeshindwa kashindwa, mi nakuuliza, daftari la majina limebaki kwa nani?

Dereva_Mwanjelwa:
Mwalimu umeua 😂 yani mimi nilijua pipi ni fumbo.

Ila swali, kwaiyo kila Republican ni mtoto wa huyo muuza pipi? Maana mimi nina abiria wangu mmoja mmarekani alikuwa anakaa Forest, mzee wa kanisa, mpole hatari, alikuwa anasema yeye ni Republican toka azaliwe na hajawahi kunionyesha ubaya wowote, hata chenji haombi.

Mwalimu_Mstaafu_IR:
Hapana dereva, na hapo ndo penye utamu wenyewe. Aliyewapiga vita zaidi hao watu ni mwanamrengo wa kulia mwenzao, William Buckley, mwenye jarida la National Review. Mwaka 1962 akamshambulia Welch, 1965 akakishambulia chama chote. Kwa miaka mingi wakawa wanasifiana kwamba wamefagia nyumba. Mimi ukiniuliza, walifagia sebuleni uchafu wakausukuma chini ya mkeka. Reagan alipogombea ugavana California 1966 aliulizwa kuhusu kura za hao watu, akajibu kwa ujanja kwamba anayempigia kura ndiye anayekubali mawazo ya Reagan, sio Reagan anayekubali ya kwake. Umeona? Kura kachukua, lawama kaacha mlangoni.

Mnyaki_wa_Tukuyu:
Mimi ni mtu wa maabara ya maji, siasa sio fani yangu ila nimeona hamjataja floraidi na hiyo ndo inanichekesha kuliko zote.

Marekani walianza kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba mwaka 1945 mji wa Grand Rapids kule Michigan, lengo meno ya watoto yasioze. Watu wa mrengo huo, hao wa Birch wakiwemo, wakasema ni mkono wa wakomunisti unaingia jikoni kwako. Miaka yote watu wakawa wanawafanyia vichekesho. Sasa tazama, 2025 jimbo la Utah likawa la kwanza kupiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji, Florida ikafuata, na waziri wa afya wa taifa mwenyewe anaunga mkono. Hawasemi tena wakomunisti, wanasema uhuru wa mtu na afya ya mtoto. Jambo lile lile limebadilishwa shati.

Ila nisiwe mnafiki, nimefanya kazi Arusha miaka minne. Kule floraidi inatoka ardhini yenyewe, nimepima visima vingine namba ikatoka nikadhani mashine imeharibika, nikapima tena, ile ile. Unaona mtoto mzuri anacheka anaziba mdomo na kiganja kwa sababu meno yana rangi ya chai ya rangi, na wengine mifupa inapinda kabisa. Kwaiyo floraidi ikizidi inaumiza kweli. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Wamarekani wao wanaweka 0.7 tu. Swali la kipimo ni halali kabisa na wanasayansi wanabishana. Tatizo la watu wa Welch ni kwamba hawakuwa na kipimo, walikuwa na adui. Ukianza na adui, kila glasi ya maji inakuwa ushahidi.

Mkulima_Makambako:
Naomba nipinge kidogo wakuu, mnampa huyo muuza pipi sifa nyingi mno. Chama chake hata kilipokuwa juu miaka ya 60 makadirio yanataja watu elfu 60 mpaka laki moja, nchi nzima ya watu karibu milioni 200! Hao hawawezi kugeuza nchi.

Kilichogeuza ni maisha. Miaka ya 80 wakulima wa kule katikati ya Marekani walikopa wakanunua mashamba, riba ikapanda, bei ya mazao ikashuka, benki zikaja kupiga mnada. Mimi nalima viazi, najua ukiuza gunia chini ya gharama ya mbolea unavyolala macho juu dari. Mtu akija usiku huo akakwambia kuna genge la watu wamekaa mahali wanakumaliza makusudi, unamkaribisha ukae naye. Ndo ilivyokuwa, vikundi vya wapinga serikali vilivyoitwa Posse Comitatus vikapita huko vijijini vinawaambia wakulima serikali yoyote iliyo juu ya sherifu (mkuu wa polisi wa wilaya) haipo kisheria na mabenki ni ya Wayahudi. Uongo mtupu, ila ulikuja na mtu aliyekaa kitako akasikiliza shida, wengine hawakuja.

Alafu Wallace mnayemtaja alikuwa Democrat, gavana wa Alabama, aliyeapa 1963 kwamba ubaguzi utadumu milele. Mwaka 1968 kagombea kwa chama chake cha pembeni kapata majimbo 5 na zaidi ya kura milioni 9. Kwaiyo msiweke mzigo wote kwa chama kimoja.

Mwalimu_Mstaafu_IR:
Mkulima umesema kweli kuhusu Wallace na kuhusu njaa, nakubali. Lakini shida ipo kila nchi, swali ni shida ikija inakuta maneno gani yameshapikwa tayari. Aprili 19, 1993 moto wa Waco kule Texas, kwenye makazi ya kikundi cha dini yaliyozingirwa na askari wa serikali kuu, uliua watu zaidi ya 70. Tarehe hiyo hiyo miaka miwili baadae Timothy McVeigh akalipua jengo la serikali Oklahoma City, wakafa 168, kati yao watoto 19. Yule hakuwa mkulima aliyenadiwa shamba. Alikuwa askari wa zamani aliyejazwa maneno kwamba serikali ndo jeshi la kigeni. Na mwaka 2021 Januari 6 wafuasi wa Trump waliovunja milango ya bunge wengi walikuwa na kazi zao nzuri tu. Kiongozi wa Oath Keepers, kikundi cha wanamgambo waliokuwepo siku hiyo, alifungwa miaka 18 kwa njama za uasi, Januari 2025 Trump siku ya kwanza ofisini akamtoa, pamoja na msamaha kwa watu karibu 1,500. Hapo hata mkeka haupo tena, uchafu uko mezani.

Na kijana uliyeuliza, kuna kitu mzee wako wa TAZARA huenda anakikumbuka kuliko sisi wote. Oktoba 25, 1971 UN ilipiga kura China ya Mao iingie, 76 kwa 35. Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, na ujumbe wetu ulicheza ngoma ya furaha mle ukumbini. Reagan, wakati huo gavana, akampigia simu Nixon, na simu ilikuwa inarekodiwa. Kanda ilikuja kutoka hadharani 2019. Anawaita wale wajumbe wa Afrika nyani ambao hata viatu hawajavizoea, na Nixon anacheka. Alafu anamshauri Marekani iache kupiga kura kule UN. Huyo sio wa pembeni, huyo baadae ni rais miaka 8. Linganisha na lile bango la kutoka UN, alafu mkulima uniambie watu laki moja hawawezi kitu.

Mkulima_Makambako:
Hiyo kanda nilikuwa siijui. Siongezi neno leo, ila kwenye riba nabaki pale pale.

Dereva_Mwanjelwa:
Viatu?? Salim huyu huyu wa suti kali vile?

Kabwe_Juu (Mbeya):
Ndaga fijo wote, nimeenda kwa mzee leo asubuhi na kilo mbili za sukari. Nikamsomea yote kwenye simu, alikuwa anarekebisha jembe hakuniangalia. Nilipofika kwenye ile kura ya China akaacha nyundo. Akasema siku hiyo walikuwa kambini, yeye kibarua wa miaka 18, Wachina waliokuwa wanajenga nao wakawaletea chai na sigara wakawa wanapeana mikono mpaka wakachoka, hawakuelewana hata neno moja ila kila mtu alijua ni kwa nini. Kuhusu muuza pipi anasema alisimuliwa na injinia mmoja mzungu aliyekuwa anawacheka, kwamba wazimu kama wale Marekani hautakuja kupita mlango wa ikulu.

Nikamuuliza kwaiyo jioni unarudi kijiweni? Akasema atarudi tukimlipa kahawa muuza kahawa.

Dereva_Mwanjelwa:
Kimoja changu, nakutumia sasa hivi kwa simu. Vile viwili aulizwe yule wa pipi za ivori.