Daftari limejaa maneno ya Kiingereza, mdomoni hakuna kitu. Naombeni ushauri

Mgumu wa Machame

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni mpagazi Mlima Kilimanjaro, huu mwaka wa sita. Nabeba kilo 20, nasimika hema, nachota maji, nashuka, nalipwa, napanda tena. Kidato cha nne nilimaliza na cheti ninacho, ila Kiingereza cha shule mnakijua wenyewe. Unafaulu mtihani, halafu mgeni akikuuliza jambo unatabasamu mpaka aondoke.

Sasa nataka kusogea, niwe msaidizi wa kiongozi wa wageni. Nikaambiwa mlima ninaujua, kinachonikwamisha ni lugha. Basi tangu Januari nimenunua kauntabuku, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Maneno 20 kila siku kutoka kwenye kamusi. Yamefika 900 na ushee. Ukiniuliza "reluctant" nakujibu "mwenye kusitasita" hujafunga mdomo.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Safari iliyopita tulikuwa kambi ya Barafu, saa tano usiku, watu wanajiandaa kwenda kileleni, na mimi nimepewa nafasi ya kusindikiza. Mama mmoja mgeni amekaa juu ya jiwe, ananiambia, "I feel light-headed." Nikachambua chapchap: "light" ni taa, "head" ni kichwa. Nikamjibu "Yes, yes, no problem," nikakimbia hemani nikamletea taa ya kichwa. Nikamvalisha na kumwashia kabisa. Akaniangalia. Akarudia maneno yale yale, polepole. Nikabadilisha betri.

Kiongozi alipofika, kumbe mama wa watu kichwa kimekuwa chepesi, anaona kama anataka kuzimia. Kule ni zaidi ya mita 4,600, si mahali pa kuchezea hali kama ile. Alishushwa usiku ule ule na chini akapata nafuu, tunashukuru Mungu. Mimi jina langu kambini sasa hivi ni Betri.

Maneno 900 kichwani, na "light" na "head" zote nilikuwa nazo! Nakosea wapi? Nibadilishe kamusi? Nipandishe yawe 40 kwa siku?

Kijiko Kikavu

Nikabadilisha betri 😂😂😂 Nisamehe mkuu, nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ngoja waje wenye madini.

Chuma cha Pua

Pandisha 50 kwa siku. Mimi nilimeza kamusi kuanzia A mpaka M, sasa hivi hakuna anayenibabaisha.

Kijiko Kikavu

@Chuma cha Pua na ukiambiwa "no" inakuwaje, au N bado hujafika?

Mwalimu wa Zamu

Mkuu Betri (lizoee tu), wingi wa maneno haukusumbui. Kinachokusumbua ni huo mstari uliouchora katikati. Unadhani kila neno la kushoto lina pacha wake kulia, na hana.

Chukua "kali" yetu hii hii. Kisu kikali ni "sharp". Mbwa mkali ni "fierce". Upepo mkali ni "strong". Limau kali ni "sour". Maumivu makali ni "severe". Mwalimu mkali ni "strict". Mwenye daftari kama lako ameandika "sharp" ni kali, akafunga hesabu. Kesho anamsimulia mgeni kwamba shuleni walikuwa na mwalimu "very sharp", akimaanisha alikuwa anawachapa, na mgeni anaelewa kwamba mwalimu alikuwa na akili nyingi. Hakuna aliyegundua kosa, na hayo ndiyo mabaya zaidi.

Halafu kuna "kusikia". Neno hili linabeba mzigo kuliko nyie wapagazi. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Wenzetu wamegawana kazi: sauti ni "hear", harufu ni "smell", baridi ni "feel". Ndiyo maana utamkuta mtu mzima anasema "I hear cold". Na "kuazima" kwetu anaazima anayetoa na anayechukua, kwao anayechukua "borrows", anayetoa "lends". Ukimwambia mgeni "borrow me your stick" atakupa fimbo kwa huruma, si kwa sababu amekuelewa vizuri.

Kwa hiyo futa mstari. Maneno matano kwa siku yanatosha, na uyatoe kwenye vinywa vya watu, si kwenye kamusi. Andika kwanza sentensi nzima kama ulivyoisikia, nani kasema, mlikuwa wapi. Maana iandike kwa Kiingereza chepesi, Kiswahili kije ukikwama. Kisha tunga sentensi yako, na iwe ya kweli. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika "The man is reluctant." Mwanamume gani? Anasita nini? Sentensi hiyo haina mtu ndani, kesho umeisahau. Andika hivi:

"Our cook was reluctant to lend me his raincoat because I lost the last one."

Hapo umepata kwamba baada ya "reluctant" inafuata "to", umepata "lend" ikiwa kazini, na kama koti la mpishi ulilipoteza kweli, neno hilo halitoki kichwani mpaka unazikwa.

Kuhusu kamusi, tafuta ile iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Ya Longman, kwa mfano, inaeleza maana zake kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu, na imejaa sentensi za mifano. Usiishie kwenye maana ya kwanza. "Light-headed" ina mstari wake peke yake humo, hukuifikia kwa sababu ulitafuta vipande.

Mzalendo Halisi

Mnajitesa bure. Wageni ndio wajifunze Kiswahili, mlima ni wetu.

Mgumu wa Machame

@Mzalendo Halisi nitaungana na wewe siku nitakayopata mgeni anayezimia kwa Kiswahili.

Shuka na Mawenzi

Mdogo wangu, mimi naongoza wageni, nilianzia huko huko kwenye mzigo. Mwalimu kamaliza, naongeza ya kwenye njia.

Mlimani maneno hayapandi moja moja, yanapanda kwa makundi. Mgeni akisema "I'm going to throw up", hatupi kitu juu, anataka kutapika, sogeza viatu. "Let me catch my breath": hakamati chochote, anaomba msimame apumue. "I'm running out of water": hakimbii, maji yanamwishia. "My toes are numb": vidole vya miguu vimekufa ganzi, na hiyo usiipuuze hata kidogo. Hapo pia sisi tuna vidole tu, wao wa mkononi ni "finger", wa mguuni "toe". Mguu nao wameukata: juu "leg", chini "foot". Mimi niliwahi kumkanda mtu goti dakika tano, kumbe kateguka kwenye kifundo.

Na "pole". Mgeni akijikwaa sisi haraka "sorry, sorry!" Anashangaa, anakujibu "It's not your fault", mnabaki mnaombana radhi katikati ya njia. Uliza "Are you OK?", na akiwa anachechemea mwambie "Take your time". Hiyo ndiyo pole yenyewe kwa lugha yao.

Sisi wa mlimani tuna bahati moja ambayo wa mjini hawana: siku sita au saba uko na watu wale wale, wanarudia mambo yale yale. Kila asubuhi ukipeleka maji ya moto uliza "How did you sleep?" Kisha nyamaza usikilize. Majibu yake ndiyo daftari.

Binti Kisosora

Kuandika peke yake hakutoshi, lazima urudie kwa mpangilio. Mimi natumia boksi la viatu nililoligawa vyumba vitano, mbinu aliyoieneza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza, nazipitia kila siku. Nikipatia, kadi inasogea chumba cha pili, napitia kila baada ya siku tatu, na kuendelea hivyo, vyumba vya mbele vikichelewa zaidi. Nikikosea, inarudi mwanzo bila huruma.

Siri ni hii: usiweke neno peke yake kwenye kadi. Weka sentensi yenye pengo. "Our cook was ______ to lend me his raincoat." Nyuma ndiyo jibu. Ukiwa safarini boksi liache nyumbani, tia mfukoni kadi za chumba cha kwanza tu. Na sema kwa sauti, wakikucheka si tayari wanakuita Betri?

Mgumu wa Machame

Wakuu nimerudi. Wiki tatu zimepita, safari moja imekatika hapo katikati. Mstari nimeufuta. Nilidhani maneno matano ni mchezo, kumbe kutunga sentensi ya kweli ni kazi kuliko kupanda ule ukuta wa mawe wa Barranco. Lile la koti la mpishi halikuwa langu (langu ni sufuria, tuyaache). Naleta za kwangu, mwalimu sahihisha hapa hapa mbele za watu:

"The wind at Barafu was very strong and our tent fell down."

"I lended my gloves to a guest because his fingers were numb."

"The old man stopped three times to catch his breath."

"We discussed about the weather with the guide."

"She had headache because of the height."

Mwalimu wa Zamu

Ya kwanza na ya tatu sizigusi. Ya pili, "lend" ikienda wakati uliopita ni "lent". Ya nne, ondoa "about". Sisi tunajadiliana *kuhusu* jambo, ndiyo maana inakuponyoka, lakini "discuss" inashika jambo lenyewe moja kwa moja: "We discussed the weather." Ya tano ina mawili: ni "a headache", na "height" ni kimo cha kitu, mtu au mti au ukuta. Mahali ulipo kutoka usawa wa bahari ni "altitude". Kwa kazi yako hilo neno ni mkate.

Ila angalia jambo moja. Umetumia "numb" na "catch his breath" bila kuulizwa na mtu. Wiki tatu zilizopita ungewaletea koleo.

Shuka na Mawenzi

Na zile glavu ulirudishiwa?

Mgumu wa Machame

Nilirudishiwa, na tipu juu.

Nina moja la mwisho limenikalia vibaya. Tumefika kambi ya Karanga jioni, kababu kamoja ka Uingereza kamechoka, kamekaa kwenye kiti, kananiambia kwa sauti ya chini, "I could murder a cup of tea." Safari hii sikukurupuka. "Cup of tea" naijua. "Murder" nikaitafuta, nikarudia mara mbili, nikaona bora nikae mbali naye.

Shuka na Mawenzi

Alikuwa na hamu ya chai kupita kiasi, mdogo wangu. Mpelekee.

Mgumu wa Machame

Ameshapanda ndege.

Kijiko Kikavu

😂😂😂 Mtoto kaamka tena.