Mama ana presha na anameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti

Mwana wa Korogwe
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 67, magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi. Duka la dawa la mtaani wanampimia diklofenaki za miligramu 100 kwenye kibahasha cha kaki, anameza moja asubuhi na moja jioni. Zinamsaidia kweli, siku hizi anapanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Ila ana presha, anatumia losatani na ile dawa ya kukojoza. Nilipokwenda Pasaka nilikuta miguu imevimba, ukibonyeza juu ya kifundo kidole kinaacha shimo. Presha 170 kwa 100, na dawa hakosi. Yeye anasema, "Mwanangu, mimi nameza nikishakula, haina neno." Ni kweli?

Mfamasia wa zamu
Pole ndugu yangu. Kula kwanza hakumkingi kama anavyodhani. Diklofenaki inazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini ndizo pia zinazolinda utando wa tumbo na kuachia damu ifike vizuri kwenye figo. Losatani, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana kwa mtu wa umri huo, figo zinaelemewa: maji yanabaki mwilini, presha inapanda. Tena 200 kwa siku imepita kiwango, mwisho kwa mtu mzima ni 150. Aache diklofenaki, ila za presha ASIACHE. Mpeleke wiki hii hii wampime damu, kreatinini na potasiamu, waone figo zinafanyaje kazi. Magoti yasikutie hofu, kuna parasetamo, na kuna diklofenaki ya kupaka ambayo huingia kidogo sana kwenye damu. Mwulize daktari kwanza.

Fundi paa
Mwangalieni na choo. Mimi nilimeza hizo kwa ajili ya mgongo, nikaanza kupata choo cheusi kama lami, kinanata, kina harufu ya ajabu. Nikasema ni mboga za majani. Siku ya nne nikaona giza nikiwa juu ya kenchi, wenzangu wakaniteremsha kwa kamba. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja, nikaongezwa chupa mbili za damu. Na asidanganywe achome sindano eti inakwepa tumbo. Dawa ni ile ile, inafika kwa njia ya damu.

Mwana wa Korogwe
Asanteni sana. Nimempigia dada anayekaa naye, nikamwomba amwage mkoba wa mama kitandani anisomee kila kitu. Kumbe kuna pakiti nyingine, jina tofauti kabisa, mama anaiita "ya kichwa". Kwa nyuma imeandikwa parasetamo 500, diklofenaki 50. Alikuwa anaongezea hiyo usiku. Choo anasema ni cha kawaida. Kesho saa moja asubuhi dada anampeleka hospitali ya wilaya, na nimemwambia abebe mkoba wote kama ulivyo.