Bomba la gesi na kebo ya umeme kwenye mtaro mmoja: naomba ushauri wa umbali

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia uchimbaji wa mtaro wa bomba la gesi asilia ya majumbani hapa Dar es Salaam. Bomba ni la plastiki, milimita 63, shinikizo baa 4, kina mita 1.

Mchoro unaonyesha kebo ya kilovolti 11 iko mbali. Tulipofukua kwa koleo, bila sururu, tukakuta matofali ya kuifunika. Kebo iko sentimita 25 tu kutoka mstari wetu, na inakwenda sambamba nasi mita 40 hivi. Upande wa pili kuna msingi wa ukuta, hatuna pa kusogea. Nimesimamisha kazi na tumewaandikia wenye kebo.

Mwenzangu anataja milimita 305 za kanuni ya Marekani, lakini hizo ni za mabomba ya kusafirishia. Kwa ya usambazaji, kanuni hiyo inataka nafasi ya kutosha matengenezo, na plastiki iwe mbali na joto. Joto ndilo linaloninyima usingizi: kebo ikielemewa hupata moto, na plastiki ikipashwa uwezo wa kuhimili shinikizo hushuka. Halafu fundi wa umeme akija kufukua kebo yake, sururu itaangukia wapi?

Waliowahi kukutana na hali hii: sehemu ya sambamba, bamba za zege katikati zinatosha, au nishuke chini zaidi? Na kama tutabadili njia ivuke kebo, bomba lipite juu au chini yake?

Natanguliza shukrani.