Mjadala: Je, futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ilistahili kurudi uwanjani mwaka 2020?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tuirejee hoja ambayo wengi wameshaifunga kwa kusema kwamba msimu wa 2020 wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ulichezwa, bingwa akapatikana, na mambo yakaisha salama. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa kurudi uwanjani katikati ya janga la korona ulifanywa na watu ambao miili yao haikuwa hatarini, kwa niaba ya vijana ambao hawakuwa wakilipwa mshahara wala hawakuwa na sauti katika vikao vilivyoamua, na kwamba kasoro hiyo inatosha kuutia dosari uamuzi wenyewe hata kabla hatujahesabu waliougua.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ni vyema kwanza auelewe mchezo tunaouzungumzia. Katika futiboli ya Kimarekani kila shambulizi huanza kwa safu mbili za vijana wenye miili mikubwa, wengi wao wakiwa na uzito wa zaidi ya kilo 130, kuinama uso kwa uso, kisha kugongana na kushikana kwa sekunde chache huku wakihema kwa nguvu, na jambo hilo hurudiwa zaidi ya mara mia katika mechi moja. Wakati huo wananchi walikuwa wanatakiwa kukaa mbalimbali kwa takriban mita mbili. Hakuna namna ya kuucheza mchezo huu kwa kulifuata sharti hilo, na ndiyo maana ubishi juu yake ulikuwa mkali kuliko ubishi juu ya gofu au tenisi.

Tuutazame mfuatano wa matukio. Tarehe 8 Julai 2020 vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu vinane vikongwe, vilitangaza kwamba havitacheza michezo yoyote katika muhula wa vuli. Ligi ya MAC iliahirisha msimu wake tarehe 8 Agosti, na siku tatu baadaye ligi mbili kubwa, Big Ten na Pac-12, zikafanya hivyohivyo. Ndani ya Big Ten wakuu wa vyuo 11 waliunga mkono kuahirisha na 3 wakapinga, yaani wa Nebraska, Iowa na Ohio State. Na kura hizo tulizijua kutokana na nyaraka za mahakamani, baada ya wachezaji wanane wa Nebraska kuishtaki ligi. Hofu kubwa ya madaktari ilikuwa uvimbe wa misuli ya moyo, ugonjwa ambao hata kabla ya korona ulijulikana kuwa unaweza kumwangusha mwanamichezo kijana ghafla akiwa mazoezini.

Kilichofuata ni shinikizo. Justin Fields, mchezaji anayeongoza mashambulizi wa Ohio State, alianzisha ombi la wazi lililokusanya saini zaidi ya 300,000. Wazazi waliandamana mbele ya makao makuu ya ligi huko Rosemont, Illinois. Tarehe 1 Septemba Rais Donald Trump, akiwa katikati ya kampeni za uchaguzi katika majimbo yenye vyuo vya ligi hiyo, alizungumza kwa simu na kamishna wa ligi, Kevin Warren. Tarehe 16 Septemba wakuu wale wale waliokuwa wamegawanyika walikubaliana kwa kauli moja kurudi, na mechi zikaanza tarehe 23 Oktoba. Pac-12 ilifuata kabla ya Septemba kwisha. Ligi za SEC, ACC na Big 12 hazikuwa zimeahirisha msimu kabisa.

Nakiri kwamba jambo moja la kitabibu lilibadilika katika wiki zile tano: vilipatikana vipimo vya haraka vya antijeni ambavyo kila mchezaji angeweza kupimwa kila siku kabla ya mazoezi. Big Ten iliweka masharti mazito, kwamba mchezaji aliyethibitika kuambukizwa asicheze kwa siku zisizopungua 21, moyo wake upigwe picha kwa mashine ya MRI, na timu isimamishe mazoezi na mechi ikiwa kiwango cha maambukizi kitavuka mipaka iliyowekwa. Siyabezi masharti hayo. Ninachouliza ni kwa nini vipimo hivyo vya kila siku viliwafikia kwanza wale ambao miili yao inauza haki za matangazo ya televisheni. Tarehe 17 Agosti Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilihamishia masomo ya shahada ya kwanza mtandaoni, wiki moja tu baada ya madarasa kufunguliwa, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamelipuka mabwenini. Timu ya futiboli iliendelea na mazoezi palepale. Ikiwa chuo si salama kwa mwanafunzi kukaa darasani akiwa amevaa barakoa, kinakuwaje salama kwa mwanafunzi mwenzake kugongana kifua kwa kifua na mtu wa chuo kingine?

Naomba wanaotetea uamuzi ule wanijibu hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada ameeleza matukio kwa usahihi, lakini nadhani amewasemea wachezaji bila kuwasikiliza. Tarehe 9 Agosti, siku mbili kabla ya Big Ten kuahirisha, ni wachezaji wenyewe waliojitokeza hadharani na kusema kwamba wanataka kucheza. Trevor Lawrence wa Clemson, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji maarufu kuliko wote, alieleza kwamba wengi wa wenzake wakirudishwa nyumbani watakuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu huko hakuna anayewapima, hakuna daktari wa karibu, na kukaa mbali na watu haiwezekani. Hoja hiyo haikuwa ya kitoto. Mwezi Septemba mchezaji mwenye umri wa miaka 20 wa chuo kidogo cha Pennsylvania alifariki kwa matatizo yaliyotokana na korona, na chuo chake kilikuwa kimefuta msimu wa michezo. Siutumii msiba ule kushinda ubishi. Nasema tu kwamba kufuta mechi hakukumtoa kijana katika njia ya virusi.

Kuhusu moyo, takwimu zilipokusanywa kwa wingi zilituliza hofu. Utafiti mdogo wa Ohio State uliochapishwa Septemba 2020 uliwachunguza wanamichezo 26 na kukuta dalili za uvimbe kwa 4, jambo lililowatisha wengi. Lakini Big Ten ilipowapiga picha za moyo wanamichezo 1,597 waliokuwa wameambukizwa, waliokutwa na uvimbe walikuwa 37, yaani asilimia 2.3, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Takwimu hizo tusingezipata kama vijana wale wangekuwa wametawanyika majumbani.

Na kuna upande wa riziki, ambao si haki kuudharau. Fedha za futiboli ndizo zinazobeba michezo mingine ambayo haina watazamaji. Siku chache baada ya msimu kuahirishwa, Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza kufuta timu nne, zikiwemo za kuogelea. Muogeleaji aliyepoteza timu yake naye ni kijana, naye hakuulizwa. Zaidi ya hayo, kila mchezaji aliruhusiwa kujitoa bila kupoteza ufadhili wake wa masomo, na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliwaongezea wote mwaka mmoja juu ya ile wanayoruhusiwa kucheza. Micah Parsons wa Penn State na Penei Sewell wa Oregon walijitoa, na hakuna aliyewaadhibu. Sioni mahali ambapo mtu mzima mwenye uhuru wa kukataa anaweza kuitwa mtu aliyelazimishwa.

Mchangiaji wa pili

Naongeza upande ambao wote wawili wameupita. Amri za afya ya umma hupata nguvu kwa sababu zinamhusu kila mtu, na msimu ule uliwafundisha wananchi kwamba kuna watu haziwahusu. Mwishoni mwa Novemba 2020 kaunti ya Santa Clara, California, ilipiga marufuku michezo ya kugusana kwa sababu hospitali zilikuwa zinaelemewa. Timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, kilichoko kaunti hiyo, ilifungasha mizigo, ikatoka nje ya jimbo, na kuendelea kufanya mazoezi na kucheza majimbo ya kaskazini. Rose Bowl, mechi ya nusu fainali ya ubingwa wa taifa, inayochezwa Pasadena kwa desturi, ilihamishiwa Arlington, Texas, baada ya California kukataa watazamaji. Mwenye mgahawa wa Santa Clara hakuwa na Texas ya kuhamia.

Isitoshe, virusi havikuishia kwa wachezaji. Notre Dame ilipoifunga Clemson tarehe 7 Novemba, maelfu ya wanafunzi walishuka kutoka majukwaani na kujaza uwanja wote, wakikumbatiana na kupiga kelele. Wachezaji walipimwa mara kwa mara. Umati ule haukuwa na mpango wa namna hiyo. Mwezi mmoja kabla, kocha Dan Mullen wa Florida alikuwa ametaka uwanja wao ujazwe watu 90,000, na wiki hiyohiyo zaidi ya wachezaji 20 wakakutwa na maambukizi, mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) ikaahirishwa, na yeye mwenyewe akaugua. Vipimo vya kila siku vinamlinda aliyemo ndani ya uzio tu.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote. Nikubali mawili kwanza. Takwimu za moyo ni sahihi na ni habari njema. Pia ni kweli kwamba nyumbani hakukuwa salama kwa vijana wengi, na kwa hilo Lawrence alisema ukweli unaouma kuhusu nchi ambamo kijana hupata daktari wa uhakika kwa sababu anajua kucheza mpira. Lakini asilimia 2.3 tuliijua mwaka 2021. Septemba 2020 waliopiga kura ya kurudi hawakuwa nayo mkononi. Walikuwa na ule utafiti wa wanamichezo 26, uliokuwa umechapishwa siku tano tu kabla. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana ulipofanywa, na mchangiaji wa kwanza hawezi kuazima matokeo ya baadaye ili kuutetea.

Sasa nije kwenye hoja yake yenye nguvu zaidi, kwamba wachezaji ndio waliotaka. Ninamwomba asome tena tamko lile la Agosti 9 hadi mwisho. Mapema wiki ile, tarehe 2 Agosti, wachezaji wa Pac-12 walikuwa wametishia kugoma wakidai ulinzi wa afya na mgawo wa mapato. Waliotaka kucheza na waliotishia kugoma walizungumza usiku wa Agosti 9 na kutoa tamko moja lenye nembo za ligi zote tano kubwa. Mstari wa kwanza ulisema kwamba wanataka kucheza. Mistari iliyofuata ilidai masharti ya afya yanayolingana kwa vyuo vyote, haki ya kujitoa, mchezaji asipoteze mwaka wake wa kucheza awe amejitoa au la, na mwishowe kuundwa kwa chama cha wachezaji wa futiboli ya vyuo. Rais wa nchi, makocha na wanasiasa waliuchukua mstari wa kwanza na kuurudia kila mahali. Mstari wa mwisho hakuna aliyeugusa. Masharti ya kulingana nayo hayakupatikana, kwa maana kila ligi iliendelea kupima kwa utaratibu wake. Huwezi kukata ombi la mtu nusu, ukatekeleza ile inayokufaa, halafu ukasema umemsikiliza.

Kuhusu uhuru wa kujitoa: Parsons na Sewell walikuwa na uhakika wa kuchaguliwa mapema katika ligi ya kulipwa, na ikawa hivyo. Hao hawakuwa na cha kupoteza. Mchezaji wa akiba wa mwaka wa pili, ambaye nafasi yake iko mikononi mwa kocha, na ambaye kocha huyo ana mkataba wa mamilioni huku yeye akipata ada na malazi, anajua vizuri kwamba kuachiwa ufadhili si sawa na kuachiwa nafasi. Na tunao ushahidi wa kile walichosema wachezaji walipoulizwa kweli. Mwezi Desemba, mechi za mwaliko za mwisho wa msimu zilipokaribia na timu zikapewa nafasi ya kuamua, Boston College, Pittsburgh, Virginia na Stanford ni miongoni mwa zilizokataa mwaliko. Vijana waliochoka kutengwa na jamaa zao tangu kiangazi walichagua kwenda nyumbani.

Upande wa pili wa uzio, wenye mamlaka walionyesha ni sharti gani linalegea. Big Ten ilikuwa imeweka kanuni kwamba timu isiyofikisha mechi sita haiwezi kucheza fainali ya ligi. Michigan ilipopata mlipuko wa maambukizi na kushindwa kucheza na Ohio State, ingawa timu hizo zilikuwa zimekutana kila mwaka tangu 1918, Ohio State ikabaki na mechi tano. Kanuni ikafutwa tarehe 9 Desemba. Ohio State ikachukua ubingwa wa ligi, ikafika fainali ya taifa tarehe 11 Januari 2021, na kufungwa na Alabama 52 kwa 24.

Nakubaliana na mchangiaji wa pili kuhusu Santa Clara, na ningependa aieleze zaidi hoja hiyo, kwa kuwa inahusu pia mamlaka ya kaunti juu ya vyuo binafsi.

Tangu wakati ule mengi yamebadilika: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Lakini chama kinachotambuliwa, chenye haki ya kukaa na ligi na kujadiliana juu ya vipimo, karantini na siku ya kurudi uwanjani, bado hawana. Kwa hiyo namuuliza mchangiaji wa kwanza, kwa heshima: likija janga jingine, je, utakubali kwamba kabla ya timu yoyote kurudi, wachezaji wake wapige kura ya siri bila kocha kuwamo chumbani, na matokeo yake yaheshimiwe hata kama ni hapana?